Walisema ni Pombe

Katika kiwanda cha kugandisha samaki, siku ya kupimwa afya ilikuwa na shamrashamra zake. Mara moja kwa mwaka gari la wauguzi liliegeshwa karibu na bwalo la chakula, na wanawake waliokuwa wakikata minofu ya kambare kutwa nzima, miguu kwenye maji baridi, wakaruhusiwa kuvua mabuti ya mpira na kupanga foleni kama watoto wa shule. Kabla mizani haijawapima walishapimana wenyewe kwa macho. Aliyenenepa aliulizwa anakula mshahara wa nani. Aliyekonda aliambiwa mumewe anamficha chakula. Thoa alikuwa hodari wa utani huo. Zamu yake ilipofika alinyoosha mkono, akageuza uso pembeni wakati sindano inaingia, akarudi mezani kwake akashika kisu. Kufikia jioni alikuwa ameshasahau.

Majibu yalipokuja, muuguzi wa kiwanda, msichana mpole aliyeitwa Tuyet, alisimama getini wakati wa kutoka akigawa bahasha. Ya Thoa hakuitoa. Alimshika mkono akamsogeza kando.

"Dada Thoa, siku hizi unajisikiaje? Huchoki?"

"Nani hachoki humu ndani?"

"Namaanisha kuchoka kusiko kwa kawaida."

"Mdogo wangu, nipe karatasi yangu nikapike. Nina watu wanaosubiri wali."

Tuyet akafungua bahasha mwenyewe, akamwonyesha palipochorwa mstari mwekundu. "Vipimo vya ini viko juu. Na hapa chini wameona virusi vya homa ya ini, ile aina ya B. Mimi si daktari, dada. Nenda hospitali ya mkoa, usikae nayo."

Thoa aliitazama ile karatasi bila kuielewa. Neno moja tu ndilo lililomwingia. Ini. Nyumbani kwao neno hilo lilikuwa na maana moja, nayo ni Kha, mdogo wake wa kiume, aliyekufa miaka minne iliyopita akiwa na tumbo lililojaa maji na macho ya njano. Na Kha, kila mtu alijua, aliuawa na pombe.

"Lakini mimi sinywi," alisema.

"Sijasema unakunywa, dada."

Kesho yake kazini, Xuyen, aliyekaa naye meza moja, alimtazama kwa jicho la upande. "Wenzio tumepewa bahasha tukaenda zetu. Wewe ulibaki unanong'ona na muuguzi. Una mimba nini?"

"Kwa umri huu?"

"Umri gani? Thelathini na nane ndiyo nini? Mama yangu alinizaa mimi akiwa na arobaini na mbili."

"Ndiyo maana ukatoka hivyo," akasema Thoa, na meza nzima ikacheka. Alicheka nao. Aliogopa sana wasije wakajua. Kiwanda kilikuwa cha chakula, na alikuwa na hakika kwamba likisikika neno virusi, siku hiyo hiyo angeambiwa akabidhi kisu.

Nyumbani alianza mambo ambayo hakumweleza mtu. Alitenga bakuli lake na vijiti vyake vya kulia, akaviosha peke yake kwa maji ya moto. Binti yake Nhi, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alipotaka kunywa katika glasi yake, aliinyakua kwa nguvu hata maji yakamwagika. Kitandani alimpa mumewe mgongo. Khiem, mumewe, alikuwa fundi wa mashine za kuvuta maji mashambani, mtu wa maneno machache, na alivumilia kwa siku kadhaa kabla hajauliza.

"Mama Nhi, kuna nini? Umenitoa kwenye sahani, umenitoa kitandani. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi ni nani?"

Alimpa ile karatasi. Khiem akaisoma kwa muda mrefu, midomo ikichezacheza, kisha akampigia simu binamu yake aliyekuwa na duka la dawa. Thoa alimsikia yule binamu akieleza kwa sauti ya juu kwamba ugonjwa huo huambukizwa kwa damu, na kwa kulala na mtu. Khiem akakata simu. Alimtazama mkewe mara moja, jicho fupi tu, kisha akatazama sakafu. Naye Thoa, aliyekuwa akijiuliza jambo lile lile kuhusu mumewe tangu siku ya kwanza, akayajua yaliyomo moyoni mwake.

"Sema," akamwambia.

"Sina la kusema."

"Unalo. Hata mimi ninalo. Wewe unalala mashambani huko msimu mzima."

"Nalala na mashine, mama Nhi. Mashine na mbu."

Miaka kumi na sita ya ndoa ilikuwa pale mezani kati yao, na kila mmoja aliogopa kuigusa. Hatimaye Khiem akasema, "Kesho tunaenda hospitali wote. Na mtoto."

Daktari wa kitengo cha ini alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamechoka, maneno yake ya mkato lakini si ya ukali. Alimlaza Thoa, akampaka mafuta baridi tumboni, akaangalia picha ya ini kwenye kioo. Majibu ya damu yalipokamilika aliwaita ndani wote watatu.

Akaanza na yale mepesi. Mtoto alikuwa salama, maana alichanjwa siku aliyozaliwa. Khiem naye alikuwa salama. Virusi vilishawahi kumpitia zamani, mwili wake ukavishinda wenyewe bila yeye kujua. "Na acheni mambo ya kutenga mabakuli," alisema, ingawa hakuna aliyemwambia habari za mabakuli. "Ugonjwa huu hauendi kwa wali."

Kisha akamgeukia Thoa. Ini lake lilikuwa limeanza kufanya makovu. Uvimbe haukuonekana. Angemeza kidonge kimoja kila siku, pengine maisha yake yote, na angerudi kupigwa picha kila nusu mwaka, bila kukosa hata mara moja.

"Nimeupata wapi?" Thoa aliuliza, na hakumtazama mumewe.

"Hapa kwetu, watu wengi wa umri wako waliupata siku waliyozaliwa, kutoka kwa mama. Mama mwenyewe hajui kama anao. Wakati ule chanjo hatukuwa nayo. Mtoto anakua, anacheza, anaoa, virusi vimelala tu. Siku moja vinaamka." Akachukua kalamu. "Kwenu kuna aliyefariki kwa ini?"

"Mdogo wangu. Lakini yeye ilikuwa pombe."

"Alikunywa sana?"

Thoa akafungua kinywa kusema ndiyo, na ile ndiyo haikutoka. Alijaribu kumkumbuka Kha akiwa amelewa. Alimwona mwaka mpya, uso umekuwa mwekundu kwa bia mbili, amelala fofofo kando ya mitungi ya maji huku wajomba wakimcheka. Alimwona kwenye harusi ya Xuyen, akinywa chai. Hakumwona popote pengine. Ni baba aliyesema pombe. Baba alikuwa amemzika jirani mmoja mlevi, tumbo lake vile vile, macho yake vile vile, na Kha alipoanza kugeuka njano baba hakungoja kuambiwa na mtu. Alisema, wakasadiki. Mpaka dakika hiyo Thoa hakuwahi kujiuliza.

"Alikuwa na umri gani?" daktari akauliza.

"Thelathini na moja."

Daktari akaweka kalamu chini. "Siwezi kusema lolote juu ya mtu ambaye sikumpima. Lakini pombe kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi ya hapo. Mlete mama yako apimwe."

Nje, Khiem alisimama kando ya pikipiki akigeuza kofia yake ngumu mikononi. "Nisamehe," alisema. "Kwa lile jicho."

"Na mimi lilikuwepo langu," Thoa akajibu. "Twende."

Hakwenda kwa mama. Siku yake ya mapumziko ilipofika alivuka mto kwa pantoni akaenda kumtafuta Lieu, mke wa marehemu. Hawakuwa wameonana tangu msiba. Pale msibani baba alimnyooshea kidole Lieu mbele ya waombolezaji akasema yeye ndiye aliyekuwa akimnunulia Kha bia, na kwamba mwanamke mwenye akili angemzuia mume wake. Jeneza lilipoondoka naye akaondoka. Thoa alikuwepo. Alikuwa ameshika udi mkononi na hakusema neno.

Alimkuta kwenye kibanda chake cha supu ya tambi karibu na soko. Alikuwa amekonda, nywele amezikata fupi.

"Karibu. Utakula?" Lieu alisema, kama anavyomwambia mteja yeyote.

"Sikuja kula, wifi."

"Wifi," Lieu akalirudia lile neno, kama mtu anayejaribu nguo ya zamani. "Basi kaa."

Thoa akakaa. "Nimepimwa kazini. Wameniambia nina homa ya ini."

Upawa ukasimama ndani ya sufuria. "Aina ya B," Lieu akasema. Hakuwa anauliza.

"Umejuaje?"

Lieu alifuta mikono, akamwomba jirani amwangalizie kibanda, akaketi mkabala naye. Kisha akasema yote, taratibu, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Haikuwa pombe hata siku moja. Ilikuwa saratani ya ini, na ilikuwa imechelewa kugunduliwa. Madaktari wa jiji waliwaambia wote wawili kwamba Kha alizaliwa na vile virusi, kutoka kwa mama yake. Walimwambia awajulishe ndugu zake wakapimwe.

"Alipotoka pale aliniapisha, wifi. Alisema mama asijue."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini? Wewe ulizaliwa nyumba ile. Mama bado anamlilia Ngan."

Ngan alikuwa dada yao mkubwa, aliyezama mferejini nyuma ya nyumba akiwa na miaka mitatu, wakati mama anaosha vyombo. Thoa hakumwona kamwe. Lakini alikua akimwona mama akisimama kwenye ule mfereji kila anapomaliza kuosha vyombo, mikono imelowa, akitazama maji.

"Alisema, mama ameshajitwika mtoto mmoja, simtwiki wa pili," Lieu aliendelea. "Baba yenu alipoanza kumwita mlevi, Kha alifurahi. Sema kweli, alifurahi. Alisema, umeona, baba amenipatia sababu. Mimi nililia usiku na mchana. Yeye ananiambia, acha tu, heri wanione mlevi."

"Na mimi?" Thoa akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi hakunifikiria?"

"Alikufikiria. Kila siku. Alisema mwaka mpya ukipita atakuita pembeni akuambie. Mwaka mpya haukumkuta." Lieu akapangusa meza kwa kiganja. "Ilibaki kwangu. Nilikuwa na nia ya kuja kwako baada ya mazishi. Halafu baba yenu akasema yale maneno, na wewe ulikuwa umesimama pale unaniangalia. Nikasema basi. Wale si watu wangu. Kila mwaka nasema mwaka huu nitakwenda. Siendi."

Thoa alitaka kumkasirikia. Aliitafuta hasira akaipata, ila haikujua imwelekee nani. Miaka minne. Daktari alikuwa amesema makovu hayaji kwa siku moja. Kama angeambiwa, angekuwa ameshaanza kidonge. Aliyemnyamazia ni Kha, ambaye Thoa alimbeba mgongoni kuvuka daraja la mianzi alipokuwa mdogo, na aliyefanya vile kwa kumpenda mama. Angemlaumu vipi? Na angeacha vipi kumlaumu?

"Wewe umepimwa?" aliuliza mwishowe.

"Nilipimwa. Niko salama. Nilichanjwa."

"Nashukuru kwa hilo."

Waliagana bila kukumbatiana. Pantonini, katikati ya pikipiki na vikapu vya bata, Thoa alivaa kofia yake ngumu akashusha kioo, akalia humo ndani mpaka ng'ambo.

Khiem alimshauri asimwambie mama kila kitu. "Mwambie kiwanda kinapima wazee bure," alisema. "Apimwe, apewe dawa, yaishe. Ana miaka sitini na tisa. Ya nini kumvunja?"

Thoa aliufikiria ushauri huo kwa siku kadhaa na karibu aufuate. Kisha asubuhi moja alikwenda kwa wazazi, akamkuta mama jikoni akichambua mboga, akachutama kando yake, akaanza kuchambua naye. Akamwambia, kwa maneno mafupi kuliko aliyokuwa ameyapanga. Ugonjwa wake. Ugonjwa wa Kha. Unavyopita kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, bila kosa la mtu, bila mtu kujua.

Mikono ya mama haikusimama. Iliendelea kukata mashina, moja baada ya jingine, mpaka beseni likajaa.

"Kwa hiyo hakuwa mlevi," alisema.

"Hakuwa."

"Nilimwambia aache pombe. Kila nilipokwenda hospitali. Nilimshika mkono nikamwambia, mwanangu, si uache tu. Akawa anasema, sawa mama, nitaacha." Akakung'uta majani vidoleni. "Alinijibu hivyo mpaka siku ya mwisho."

Thoa alisogeza beseni kando.

Mama alinawa mikono, akaikausha kwenye suruali yake. Alikuwa amekuwa mdogo ghafla, kama aliyevuliwa nguo nzito. "Baba yako asiambiwe," alisema. "Moyo wake haupo vizuri. Alimsema sana yule mtoto. Akijua atakufa."

"Mama, Kha alisema hivyo hivyo juu yako. Ndivyo tulivyofika hapa."

Mama akamtazama. Macho yake yalikuwa makavu. "Basi mwambie wewe. Mimi siwezi."

Baba alikuwa kwenye machela ya kubembea barazani, redio kifuani. Alikuwa mtu mrefu, mkaidi, anayesikia anachotaka. Thoa alikaa kwenye kigoda mbele yake, akasubiri azime redio.

"Nani kasema?" baba aliuliza alipomaliza.

"Daktari. Na Lieu."

"Lieu." Baba aliishusha miguu yake chini, akashika kamba za machela kwa mikono miwili. "Nilimwita mlevi usoni," alisema. "Akaniangalia, akainamisha kichwa. Nikajua ni aibu. Nikajisemea, vizuri, ana aibu bado."

Aliinuka akaenda nyuma kwenye banda la bata. Mchana hakuja kula. Jioni mama alimpelekea wali hukohuko, na Thoa alipochungulia aliwaona wamekaa kwenye gogo, bega kwa bega.

Siku ya kumkumbuka Kha ilikuwa imekaribia. Baba alivuka mto peke yake, bila kumwambia mtu anakokwenda, akarudi na vumbi na bila Lieu. "Amesema ataangalia kama kibanda kitamruhusu," alisema, na hakuongeza. Walichokiongea huko Thoa hakukijua kamwe.

Lieu alikuja kweli, lakini alichelewa. Wajomba walishakula, pombe ya mchele imeshazunguka, nyuso zimewiva. Aliwasha udi mbele ya picha ya mumewe, akainama mara tatu, akabaki amesimama bila kujua akae wapi. Baba akainuka akampa kiti chake.

Mjomba mmoja, mcheshi, aliinua kikombe. "Kha angekuwepo hapa leo, chupa hii isingefika kwangu. Yule kijana alikuwa na koo."

"Kha hakuwa mnywaji," baba akasema.

"Aa, kaka, tunamjua wote—"

"Hakuwa mnywaji. Nilisema uongo juu ya mwanangu. Aliugua."

Baba alitaka kuendelea, akashindwa, akaketi kwenye mkeka kama mtoto. Mjomba akateremsha kikombe taratibu. Mtu akauliza habari za bei ya mpunga. Lieu alikuwa amefunika uso kwa viganja, na mama alikuwa nyuma yake, mkono juu ya bega lake.

Baada ya hapo Thoa alimpeleka mama hospitali. Walikaa kwenye benchi la korido na watu wengine wengi, mama amevaa blauzi yake ya kutokea, pochi mapajani. Kidonge cha Thoa kilikuwa kimeshazoeleka, ila kila asubuhi alipokimeza alihesabu bila kutaka ile miaka minne. Kazini alikuwa ameshasema ukweli mwenyewe. Walimhamishia kwenye kufungasha maboksi. Hakufukuzwa, lakini Xuyen sasa alimtania kwa uangalifu, na hilo lilimuuma kuliko kuhamishwa.

Majibu ya mama yalikuwa yale waliyoyatarajia. Alikuwa na virusi, na ini lake, katika umri ule, lilikuwa zima kabisa. Daktari alimweleza kwa upole. Akamwambia kwamba hata yeye huenda alivipata kwa mama yake, naye kwa wake, na hakuna wa kulaumiwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Daktari, naomba kuuliza jambo moja."

"Uliza, mama."

"Mwanangu wa kiume. Kama angekuja kwako mapema, kama mtu angemleta apimwe tu hivi kama huyu alivyopimwa, angepona?"

Daktari alimtazama Thoa, kisha akamtazama mama. Angeweza kusema chochote.

"Huenda, mama," alisema.

Mama akaitikia kwa kichwa. Akamshukuru, akachukua pochi yake, akatoka akakaa tena kwenye benchi la korido ingawa zamu yao ilikuwa imekwisha na hapakuwa na cha kusubiri. Thoa akakaa karibu naye. Watu waliitwa majina, wakaingia, wakatoka. Ndipo mama alipoanza kulia, kwanza bila sauti, halafu kwa sauti, na Thoa akamshika, na hakumwambia anyamaze.